Nyumba ni ile ile, mbunge ni mwingine: nani alihamisha mpaka?

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Greensboro, North Carolina, na niliapa kuwa raia wa Marekani mwanzoni mwa 2022. Kura yangu ya kwanza nilimpigia mama mmoja wa chama cha Democratic, akashinda, nikafurahi kama mtoto. Mwaka 2024 nikarudi kituoni kwa hamu. Sijahama nyumba, lakini kwenye karatasi ya kura sehemu ya mbunge hapakuwa na mgombea yeyote wa Democratic. Alikuwepo Mrepublikani na mtu mwingine wa chama kidogo, basi. Rafiki yangu tunayesali naye msikiti mmoja, hapa hapa mjini, ana mbunge mwingine kabisa. Kaka yangu aliye Mombasa ananiambia, 'Wamewaibia kura, hata huko ni kama kwetu.' Mwenzangu kazini ananishauri nijiandikishe Republican ili kura yangu iwe na kazi. Je, ni kweli tumeibiwa? Na je, ushauri wa huyu mwenzangu ni halali? Sitaki kuharibu uraia wangu kwa kosa la kutojua."*

Marahaba, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Nilipofika pale uliposema ulirudi kituoni kwa hamu nilisimama kidogo, maana mtu aliyengoja miaka mingi kupata haki ya kupiga kura, kisha akakuta kiti kimeamuliwa kabla hajafika, ana sababu ya kuumia.

Nianze na kaka yako. Hapana, hamkuibiwa kura. Kura yako ya 2022 ilihesabiwa, na ya 2024 ilihesabiwa vilevile. Kilichokupata kilifanyika Oktoba 2023, mwaka mzima kabla hujaingia kituoni, mchana kweupe, ndani ya bunge la jimbo lenu kule Raleigh, na magazeti yakaandika. Mwizi wa kura huchezea hesabu baada ya watu kupiga. Hawa walichezea jambo la mwanzo zaidi: nani atapiga kura pamoja na nani. Kazi hiyo ikishakamilika, karani wa kituo anaweza kuwa mwaminifu kama malaika, na matokeo yatakuwa yale yale. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu ukidhani umeibiwa utamtafuta mwizi mahali ambapo hayupo.

Kiswahili cha mitaani kingesema wamechakachua mipaka. Wamarekani wana neno lao, jerimanda, na lina zaidi ya miaka 200. Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia saini sheria ya mipaka iliyokipendelea chama chake. Eneo moja lilijipinda hata mchoraji wa gazeti la Boston akaliongezea mabawa na kucha, likafanana na salamanda, yule mnyama wa majini mwenye umbo la mjusi. Wakaunganisha jina la gavana na la mnyama, na neno likabaki.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu maneno, maana Kiswahili chetu hapa kinatuchanganya. Tunasema "jimbo la Texas", na tunasema pia "mbunge wa jimbo". Katika jibu hili, jimbo ni North Carolina nzima, Texas nzima. Sehemu inayomchagua mbunge mmoja nitaiita eneo bunge, kama mnavyosema Kenya. Marekani ina maeneo bunge 435, kila moja na mjumbe mmoja katika Baraza la Wawakilishi, na chama chenye viti 218 ndicho kinacholiongoza Baraza hilo. Maseneta na magavana huchaguliwa na jimbo zima, kwa hiyo mistari hii haiwagusi. Rais naye hupimwa jimbo kwa jimbo, isipokuwa Maine na Nebraska, ambako sehemu ya kura za urais huhesabiwa kwa eneo bunge. Liweke hili akilini, nitalirudia mwishoni kwa sababu ndipo penye dawa.

Kaka yako anapofananisha na kwenu, yuko karibu na ukweli lakini amekosea mlango. Malalamiko makubwa ya Kenya kuhusu mipaka ni idadi ya watu. Katiba ya 2010 inaruhusu eneo bunge kupishana na wastani kwa hadi asilimia 40 mijini na kwenye maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Ndiyo maana mtu wa mjini hulalamika kwamba Lamu Mashariki ina mbunge mmoja na kwao kwenye maelfu kwa maelfu ya watu mbunge ni mmoja vilevile. Marekani jeraha hilo lilikuwepo, na Mahakama ya Juu ililifunga mwaka 1964: maeneo bunge ya jimbo moja lazima yalingane kwa idadi ya watu, karibu mtu kwa mtu. Baada ya sensa ya 2020 kila eneo lina watu kama 760,000. Ukiitazama ramani ya North Carolina kwa jicho la Mkenya utasema ni ya haki tupu. Uchakachuaji umejificha mahali pengine. Idadi ni sawa, waliochaguliwa kuwekwa pamoja ndio shida.

Na kuna tofauti ya pili, kubwa kuliko hiyo. Kwenu mipaka huchorwa na tume. Katika majimbo mengi ya Marekani huchorwa na wabunge wa jimbo wenyewe, yaani wanasiasa wenye chama, kila baada ya sensa ya miaka 10. Chama chenye wingi ndicho chenye kalamu.

Sasa twende kwenye ufundi wenyewe. Chukua jimbo la kufikirika lenye wapiga kura 100 na maeneo bunge matano, kila eneo watu 20. Wapiga kura 52 wanapenda chama cha buluu, 48 wanapenda chekundu. Kalamu iko mikononi mwa wekundu. Mchoraji anaanza kwa kurundika: anakusanya buluu 18 katika eneo moja, pamoja na wekundu wawili. Buluu wanashinda pale kwa kishindo, wanapiga vigelegele, na hawatambui kwamba kura saba kati ya zile 18 hazikuwa na kazi, maana 11 zingetosha. Kisha mchoraji anatawanya: buluu 34 waliobaki anawagawa katika maeneo manne, kwingine tisa, kwingine wanane. Kila mahali wanakuta wekundu 11 au 12. Wanashindwa kidogo kidogo, mara nne. Mwisho wa siku chama chenye kura 48 kina viti vinne, na chenye kura 52 kina kiti kimoja. Hakuna kura iliyoibiwa. Hakuna aliyezuiwa kupiga.

Kurundika na kutawanya, hizo ndizo mbinu mbili, na mji wako umeonja ya pili vizuri sana. Mwaka 2022 Greensboro na kaunti yenu yote ya Guilford zilikuwa pamoja katika eneo bunge la 6, mbunge akiwa Kathy Manning, ambaye bila shaka ndiye yule mama uliyempigia. Ramani ya 2023 iliikata kaunti vipande vitatu. Kipande kimoja kikaunganishwa na vijiji vya magharibi hadi milima ya mpakani na Tennessee. Kingine kikavutwa kusini mashariki, hadi kule kwenye kambi kubwa ya jeshi ya Fort Bragg. Cha tatu kikateremshwa kuelekea vitongoji vya Charlotte. Watu wa mji wenu, wanaoelekea Democratic, wamekuwa wachache katika kila kipande. Ni kama uamke Likoni asubuhi uambiwe kuwa mtaa wako sasa unapiga kura na Garissa, wa jirani yako unapiga na Taita, na hakuna tena mbunge anayeitwa wa Mombasa. Manning aliitazama ramani ile na hakugombea tena. Chama chake hakikusimamisha mtu eneo la 6. Karatasi uliyoishika mwaka 2024 ndivyo ilivyozaliwa, na yule rafiki yako wa msikitini amewekwa tu kwenye kipande kingine.

Haikuwa mara ya kwanza mji wenu kukatwa. Katika ramani ya 2016 mstari wa maeneo bunge ulipita ndani ya chuo kikuu cha North Carolina A&T, chuo cha kihistoria cha Waamerika weusi, hapo hapo Greensboro. Nilifika pale nikasimama kwenye barabara yenyewe. Ni barabara ya kawaida kabisa, wanafunzi wanaivuka na mabegi mgongoni. Upande mmoja eneo la 6, upande wa pili eneo la 13. Mwanafunzi alitoka chumbani kwake kwenda darasani akiwa ameshavuka mpaka wa kisiasa, na wanafunzi wote, ambao kwa pamoja wangekuwa sauti nene, waligawanywa kuwa pembezoni mwa maeneo mawili yenye wingi wa Warepublikani. Chuo kilirudishwa pamoja baada ya mahakama ya jimbo kuingilia kati mwaka 2019.

Utauliza: mambo haya hayana haya? Hayana, na ushahidi mkubwa kuliko wote ulitolewa Raleigh. Mwaka 2016 David Lewis, mbunge wa jimbo aliyesimamia uchoraji, alisema mbele ya kamati kwamba anapendekeza ramani ya kuwapa faida Warepublikani 10 na Wademokrati watatu, kwa sababu haamini inawezekana kuchora yenye Warepublikani 11 na Wademokrati wawili. Alisema wazi kwa hesabu ya kisheria: mahakama zilikuwa zimekataza kuwagawa watu kwa rangi yao, kwa hiyo alitaka iandikwe kwamba yeye anawagawa kwa chama. Kesi hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 2019 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba uchakachuaji wa kichama, hata kama hauendani na demokrasia, si jambo ambalo mahakama za shirikisho zinaweza kulipima. Waende kwenye majimbo yao. Mimi naona uamuzi ule ulikosea, kwa sababu ulimrudisha aliyeumizwa kwa yule yule aliyemuumiza. Lakini ndio uamuzi unaotawala leo, na ushauri wowote nitakaokupa lazima uanzie hapo.

Kwa nini basi 2022 ulipata ramani nzuri na 2024 mbaya? Hapa ndipo ninapokuomba unisikilize kwa makini kuliko kwingine kote. Februari 2022 Mahakama ya Juu ya North Carolina, yaani ya jimbo, iliifuta ramani ya wabunge kwa kura nne dhidi ya tatu, ikisema katiba ya jimbo haikubali. Ikachorwa ramani nyingine chini ya usimamizi wa mahakama. Novemba ile jimbo lililogawanyika karibu nusu kwa nusu likapeleka Wademokrati saba na Warepublikani saba. Siku hiyo hiyo ya Novemba, kwenye karatasi ile ile uliyompigia Manning, kulikuwa na viti viwili vya majaji wa mahakama hiyo. Majaji wa North Carolina huchaguliwa na wananchi, tena kwa chama. Warepublikani wakavichukua vyote viwili. Mahakama ikageuka kuwa watano kwa wawili. Aprili 2023 majaji wapya walifungua tena kesi na kuutengua uamuzi wa mwaka mmoja tu nyuma, wakisema mahakama ya jimbo nayo haina mamlaka juu ya jambo hili. Miezi sita baadaye ramani iliyoukata mji wako ikapita. Gavana wakati huo alikuwa Mdemokrati, Roy Cooper, lakini katiba ya North Carolina haimpi gavana kura ya turufu juu ya ramani za uchaguzi. Hakuwa na la kufanya ila kulalamika.

Kwa hiyo siku uliyosherehekea ushindi wa mbunge wako ndiyo siku aliyopoteza kiti chake cha baadaye, mistari michache chini kwenye karatasi ile ile. Sikulaumu hata kidogo. Raia wengi waliozaliwa hapa nao hawafiki kwenye mistari ya majaji.

Athari yake kwa taifa? Mwaka 2024 North Carolina ilitoka saba kwa saba ikawa Warepublikani 10 na Wademokrati wanne, ingawa kura za urais jimboni zilitofautiana kwa kama pointi tatu tu za asilimia. Viti vitatu vimehama. Baraza la Wawakilishi zima likaisha 220 kwa 215. Ondoa vitatu kwa Warepublikani uwape Wademokrati, unapata 217 kwa 218. Wingi mzima wa Baraza uko ndani ya mabadiliko ya jimbo moja.

Hapa lazima niwe mkweli kwako, kwa sababu hesabu hiyo ukiisimulia peke yake inapotosha. Majimbo mengine nayo yalichakachua, na mengine kwa upande wa pili. Illinois, chini ya Wademokrati, ina viti 17, na Wademokrati wanashikilia 14, ilhali mgombea wao wa urais mwaka 2024 alipata kama asilimia 54 ya kura za jimbo. Eneo bunge la 13 la Illinois limenyooka kama kamba kutoka ng'ambo ya St. Louis, likipitia mji mmoja wa kuegemea Democratic hadi mwingine, na likikwepa mashamba ya mahindi yaliyo katikati. Kwa mwaka 2024, ukijumlisha nchi nzima, viti vilikaribia kura. Haikuwa hivyo 2012, ambapo Wademokrati walipata kura za Baraza zaidi ya milioni moja kuwashinda Warepublikani, na bado Warepublikani wakapata viti 234 kwa 201. Pennsylvania mwaka huo iliwapa Wademokrati kura zaidi ya nusu na viti vitano kati ya 18. Ila kwamba visu viwili vimelingana haimponyi aliyechomwa. Mdemokrati wa Greensboro hawakilishwi na mbunge wa Illinois, wala Mrepublikani wa kijijini Illinois hafarijiwi na kilichotokea Greensboro.

Usiamini pia kwamba kila umbo la ajabu ni hila. Kwa miaka mingi Chicago ilikuwa na eneo bunge la 4 lililofanana na vizibo viwili vya masikio vilivyounganishwa na waya mwembamba. Liliunganisha mitaa miwili ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, mmoja kaskazini na mmoja kusini, bila kulivunja eneo la watu weusi lililokuwa katikati. Na mji wako wenyewe mwaka 1992 ulipitiwa na eneo la 12, lililochorwa na Wademokrati kama urefu wa maili 160 kufuata barabara kuu ya I-85, kwingine likiwa halina upana zaidi ya barabara, ili watu weusi wa jimbo wapate mwakilishi baada ya karne karibu nzima bila hata mmoja. Mahakama ya Juu iliruhusu lipingwe, mwaka 1993. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 na mipaka ya rangi ni kesi ndefu inayoendelea hadi leo. Siwezi kuimaliza hapa.

Tena kuna jambo ambalo kalamu haina hatia nalo. Wademokrati wanaishi wamebanana mijini, kwa hiyo wamejirundika wenyewe. Mchoraji mwaminifu kabisa naye angekuta kura zao nyingi zimekaa sehemu moja. Kinyume chake ni Massachusetts: mgombea urais wa Republican mwaka 2024 alipata zaidi ya theluthi ya kura, na viti vyote tisa ni vya Democratic, kwa sababu Warepublikani wametapakaa kila mahali sawasawa. Ugonjwa wa chini kabisa ni huu mtindo wa eneo moja mtu mmoja, mshindi achukue chote. Mstari wowote utakaochora utamwacha mtu nje.

Mwaka 2025 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Zamani, kwa kawaida, vyama vilisubiri sensa. Agosti 2025 Texas, kwa msukumo wa Rais Trump, ilichora upya katikati ya muongo ikilenga viti vitano zaidi vya Republican. Wabunge wa Democratic walikimbia jimbo kwa wiki mbili ili akidi isitimie, mwishowe wakarudi na ramani ikapita. California ikajibu Novemba kwa kura ya maoni: wananchi waliisimamisha kwa muda ramani ya tume yao huru na kupitisha nyingine inayolenga viti vitano vya Democratic. Missouri ikalikata jiji la Kansas City. Jimbo lako nalo, Oktoba 2025, lilichora upya eneo la 1 la kaskazini mashariki, likitafuta kiti cha 11. Greensboro haikuguswa safari hiyo, umebaki katika ramani ile ile. Seneti ya Indiana, yenye wingi wa Republican, ilikataa mwezi Desemba licha ya shinikizo, na mimi niliwaheshimu kwa hilo.

Sasa swali lako la mwisho. Ushauri wa mwenzako ni halali, ila una njia bora kidogo. North Carolina inakuruhusu ujiandikishe kama mpiga kura asiye na chama. Ukiwa hivyo, kwenye uchaguzi wa mchujo mwezi Machi unachagua karatasi ya chama kimoja, na mwaka unaofuata wa uchaguzi unaweza kuchagua ya kingine. Aliyejiandikisha Democratic hapewi karatasi ya Republican. Katika eneo kama lako, ambalo Novemba ni kutimiza utaratibu tu, kiti huamuliwa Machi. Mwaka 2024 Warepublikani kadhaa walikigombania kiti chako kwenye mchujo, na mchujo ule ndio uliomchagua mbunge wako. Kushiriki pale si udanganyifu. Gharama yake ni kwamba safari hiyo utakosa mchujo wa Democratic, na hiyo si gharama ndogo ikiwa Wademokrati wana mgombea wa gavana au seneta unayemjali. Pima kila mwaka. Mimi sioni haja ya kujiandikisha Republican ikiwa moyo wako hauko huko.

Njia nyingine nitazitaja haraka. Michigan mwaka 2018 wananchi walikusanya saini, wakapiga kura, wakawanyang'anya wabunge kalamu na kuipa tume ya raia wa kawaida. Ningependa kukuambia mfanye hivyo. North Carolina haina utaratibu wa wananchi kuleta hoja ya aina hiyo. Lazima ianzie kwa wabunge wale wale. Kongresi, yaani bunge la taifa, inaweza kutunga sheria ya nchi nzima, Katiba inairuhusu, na Baraza lilipitisha mswada kama huo mwaka 2021, ukafia Seneti. Wabunge wa Raleigh wanaweza kung'olewa, lakini wamejichorea na maeneo yao wenyewe, kwa hiyo mlima ni mkali.

Kinachobaki ni kura za jimbo zima, ambazo hakuna mstari unaozikata. Jeff Jackson, mbunge wa Democratic ambaye eneo lake la Charlotte lilivunjwa na ramani hiyo hiyo, aligombea umwanasheria mkuu wa jimbo mwaka 2024 akashinda. Wapiga kura ni wale wale, ila hapakuwa na mpaka. Na kama unajiuliza iwapo kura moja ina maana: mwaka huo huo kiti cha jaji Allison Riggs katika Mahakama ya Juu ya jimbo kiliamuliwa kwa kura 734, kati ya zaidi ya milioni tano na nusu. Mpinzani wake alipinga mahakamani kwa karibu miezi sita, akitaka maelfu kwa maelfu ya kura zitupwe, kabla ya kukubali Mei 2025. Misikiti miwili na makanisa matatu ya Greensboro yanatosha kujaa watu 734.

Mambo machache sitaki uyafanye kwa kusoma jibu langu peke yake. Nenda ofisi ya bodi ya uchaguzi ya kaunti ya Guilford, na kitambulisho chako chenye picha mkononi, uwaulize umeandikishwa chini ya chama gani, uko kipande kipi cha ramani, na mwisho wa kubadilisha ni lini. Usimuulize jirani, maana ng'ambo ya barabara majibu yanaweza kuwa tofauti. Ikiwa nyumbani kuna mke, mzazi au ndugu mwenye kadi ya kijani ambaye bado hajaapa, asijiandikishe kupiga kura hata akibembelezwa na mtu mwenye fomu mlangoni. Kwa asiye raia ni kosa la jinai na linaweza kumfukuzisha nchini. Ikiwa ameshajaza kwa kutojua, aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma ombi lolote la uraia, wala asijieleze kwa karani peke yake. Na yule mbunge ambaye hukumpigia kura bado ana ofisi kwa ajili yako. Faili la mzazi wako likikwama uhamiaji, au pasipoti ikichelewa, wafanyakazi wa ofisi hiyo hufuatilia kwa ajili ya mkazi yeyote wa eneo, bila kuuliza alimpigia nani. Watakutaka utie saini fomu ya ruhusa tu.

Novemba 2026 kiti cha jaji Anita Earls, mmoja wa wale wawili waliobaki upande wa wachache, kinapigiwa kura na jimbo zima. Majaji hao hukaa miaka minane. Atakayeshinda atakuwa bado mahakamani mwaka 2031, Raleigh watakapofungua takwimu za sensa ya 2030 na kuchora upya. Omba bodi ikupe mfano wa karatasi ya kura, uende nayo nyumbani, na safari hii uanze kuisoma kwenye majina ya majaji.